Filamu ya Waongozaji Wanne

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka kama ya juzi, nilipotoka nyumbani kwa mama yangu pale Kilosa na begi mgongoni na sina ninakokwenda. Nilimwambia naenda stesheni kutazama kama treni ya mizigo imeingia. Stesheni nilifika, treni haikuwepo, nikaendelea kutembea. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa uzito wa kichwa, ila kila nilipokaa darasani niliona dirishani kuna kitu kinapita, nami sijui kinakwenda wapi. Nilikuwa nimeuza chumvi Dumila, nimeziba pancha Mikumi, nimechunga ng'ombe wa Wamasai kule Tindiga msimu mzima mpaka mwenye ng'ombe akaniomba niondoke, kwa kuwa maswali yangu yalikuwa mengi kuliko mifugo yake. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mimi niligaagaa vya kutosha, na wali niliokula mwingi ulikuwa mkavu.

Nakueleza haya kwa sababu umenipigia tena. "Babu, grupu letu la filamu ni la ovyo, kila mtu anajifanya bosi, nataka nijitoe." Safari hii umeongeza na kulia. Sitakuficha, mwanangu, nimechoka. Maneno hayo niliyasikia kabla hujazaliwa, kutoka kwa watu wenye akili kama zako, na yalinichosha wakati ule kama yanavyonichosha sasa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunisikilizi, unanijibu kabla sijamaliza.

Siku ile lori la mahindi lilinichukua hadi Morogoro mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara zimefunguliwa, vyama vimekuwa vingi, televisheni za watu binafsi ndiyo kwanza zimeanza kuonekana Dar es Salaam, na kila uchochoro una kibanda cha video. Vyuo navyo viliota kama uyoga baada ya mvua. Kimoja kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati, na mlangoni kimeandikwa kwamba kinafundisha uandishi wa habari na utengenezaji wa filamu. Nilipanda ngazi kwa udadisi tu, nikitaka kujua kamera inamwingizaje mtu ndani ya kioo. Hawakuniuliza cheti. Waliniuliza kama najua kusoma, nikawasomea tangazo lao wenyewe kwa sauti, wakanipokea. Basi mzururaji wa Kilosa akageuka mwanafunzi wa habari, mtu mzima kati ya vijana waliotoka kidato cha nne, wakiniita "braza" kwa heshima iliyochanganyika na kicheko.

Chuo kizima kilikuwa na kamera mbili za begani, zile nzito zinazomeza kanda nzima ya VHS, kwa hiyo hakuna aliyejifunza peke yake. Tuligawanywa wanne wanne. Kwetu alikuwepo Kasiani, kijana wa Dar es Salaam mwenye maneno mengi na matamu. Alikuwepo Zuhura, binti wa Kimamba, mkimya lakini macho yake hayapitwi na kitu. Na alikuwepo Deo, mpole ambaye akikasirika hasemi, ananuna. Wa nne mimi.

Mwalimu wetu wa kamera alikuwa mtu mfupi asiyependa porojo. Alitukabidhi kamera, maiki moja na kanda mbili, akasema, "Mmoja aongoze. Mmoja ashike kamera. Mmoja ashike sauti. Mmoja atunze kanda. Mkirudi nitauliza nani alifanya nini." Kisha akatuonyesha kijino cha plastiki kilicho nyuma ya kanda. Ukishakivunja kile, kamera haiwezi tena kurekodi juu ya kilichomo. "Mkipata kitu cha maana, vunjeni," akasema. Tukaitikia wote, ndiyo mwalimu.

Hatujamaliza kushuka ngazi, Kasiani akasimama.

"Jamani, mwalimu bado yuko enzi za chama kimoja. Mwongozaji mmoja wa nini? Siku hizi ni vyama vingi. Kila mtu apate siku yake ya kuongoza."

"Na kanda atatunza nani?" Zuhura akauliza.

"Wote. Kanda ni mali ya umma."

"Mali ya umma ndiyo hiyo inayouzwa kila siku."

Tulicheka, tukakubali. Wapishi wengi huharibu mchuzi, kila mtoto anaijua. Lakini mtu akikuahidi kwamba na wewe utapata siku yako ya kuwa mpishi, methali hiyo unaisahau palepale.

Tukaja kwenye hadithi. Zuhura alitaka mashamba ya mkonge ya Rudewa, ambako mama yake alizaliwa. Deo alitaka wafugaji na wakulima wanavyogombania ardhi. Kasiani alitaka Mikumi, malori, magesti, na mapenzi ya barabarani. Mimi nilitaka yote, kwa kuwa sijawahi kuona kitu nisitake kukijua. Tulibishana mpaka mwenye mgahawa akatuondolea viti. Mwishowe, ili asiudhike mtu, tuliamua kuweka kila kitu, na filamu tukaipa jina "Maisha". Filamu ya dakika kumi, mwanangu, inaitwa "Maisha". Nikikumbuka nasonya mpaka leo.

Tulianzia Rudewa, siku ya Deo kuongoza. Shamba lilikuwa limekufa zamani, mkonge umemezwa na majani, watu wa kambi ya wafanyakazi wamegeuka wakulima wa mahindi. Serikali ilikuwa imeliuza kwa tajiri mpya aliyetaka ardhi na si mashine, naye mashine alikuwa amewauzia watu wa vyuma chakavu. Mashine yenyewe ndiyo ile ya kusaga majani ya mkonge na kuacha singa, zile nyuzi nyeupe. Watu wote huko waliiita korona. Usicheke, jina hilo lilikuwepo kabla ya ugonjwa wenu.

Fundi wake alikuwa Mzee Ngonyani. Alikuja kijana kutoka Songea, akaanza kwa kukata mkonge, akapandishwa kulisha korona, akaishia kuwa fundi wake mpaka siku ilipozimwa. Hakuna aliyemtuma, lakini miaka yote ile aliendelea kuipaka grisi. Aliposikia watu wa vyuma wanakuja, alikwenda kwa msimamizi wa tajiri akaomba kitu kimoja, aiwashe mara ya mwisho. Akakubaliwa. Tulipomkuta alikuwa amevaa koti katika jua lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo nyinyi wenye kamera?" Akaitazama kamera, akatutazama sisi. "Wajukuu zangu wako huku kwa mama zao na kule Songea. Hawajawahi kuisikia hii. Wakiniuliza babu ulikuwa unafanya nini, nawaambia nilikuwa fundi wa korona, wanaona nawapigia hadithi. Mkiipiga picha, mtaileta tena hapa waione?"

Kasiani akaweka mkono kifuani. "Mzee, tutaileta. Tutaionyesha hapa shuleni, kijiji kizima."

Hakuna aliyemtuma kuahidi, ila hakuna aliyemzuia pia. Ahadi ni deni, na deni lile lilikuwa letu wote kuanzia neno lile.

Kijiji kilijaa pale kiwandani. Mbele kabisa alisimama Mama Sabina, mama mtu mzima aliyekuwa zamani upande wa brashi, wanakosafishia singa. Alikuwa Mhehe, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zao walipopigana mpaka wakachokana. Mtani hana adabu kwa mtani wake, na hatakiwi awe nayo.

"Mngoni, koti la nini? Unaioa?"

"Nikuoe wewe basi, Mhehe. Hii imeshanichosha."

"Thubutu. Hiyo angalau ina grisi."

Mzee alicheka, akashika mpini. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikashika. Sijui nikuelezeje mlio ule. Ulikupanda kutoka nyayoni. Akalisha tita la majani, na upande wa pili zikatoka singa nyeupe zikining'inia kama nywele za bibi kizee, na wanawake wazima wakaanza kulia. Zuhura alikuwa na kamera begani, hakutikisika. Deo alisimama nyuma yake akimnong'oneza, sogea, sogea, sasa uso wa mzee. Ilikuwa nzuri, mwanangu. Nilikuwa sijui bado filamu ni kitu gani, lakini nilijua tumepata kitu cha maana.

Kesho yake tulipanda lori kupitia Kilosa na kijiji cha Ulaya hadi Mikumi, kwa kuwa siku iliyofuata ilikuwa ya Kasiani na Kasiani alitaka malori. Gesti tuliyofikia ilikuwa na televisheni na deki sebuleni. Mwenye gesti akaturuhusu tutazame kanda yetu. Madereva waliokuwa wakila walisogeza sahani zao, na korona ilipoanza kulia wakapiga makofi. Kasiani akawa mgeni rasmi.

"Rudisha, waone pale singa zinapotoka." Akarudisha. "Rudisha tena, ndugu yangu hapa hajaona."

"Kanda itachoka," Deo akasema.

"Siku yako si imekwisha? Tulia sasa."

Deo akanuna, akaenda kulala. Zuhura alikuwa uani akifua. Mimi nilikuwa nimekwishavutwa na dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa akinieleza jinsi wanavyovuka mpaka. Kasiani alionyesha hadi akachoka, akaitoa kanda ikiwa imesimama pale mwanzoni mwanzoni, injini inapokohoa, akairudisha kwenye mfuko wa kamera. Kijino chake kilikuwa kizima. Deo alihesabu kwamba siku yake iliisha kamera ilipozimwa Rudewa. Kasiani alihesabu kwamba siku yake inaanza kesho. Katikati palikuwa na muda usio na mwenyewe, na hapo ndipo mambo huharibikia.

Asubuhi Kasiani akaongoza. Alirekodi malori, alirekodi kina mama wa vitunguu wakikimbilia madirisha ya mabasi, alirekodi nyani aliyemnyang'anya mtu mkate, na zaidi ya yote alijirekodi yeye mwenyewe akiongea mbele ya malori. Maiki haikuwa na mshikaji, kwa sababu wote watatu tuliobaki tulikuwa tunatoa ushauri. Kanda ya pili ilibaki ndani ya nailoni yake, ikisubiri siku ya Zuhura na siku yangu.

Jioni, kabla ya chakula, tukakaa tena mbele ya deki. Korona ikaanza. Mkono wa Mzee Ngonyani ukashika mpini. Injini ikakohoa. Kioo kikapiga mistari, na Kasiani akatokea mbele ya lori la mafuta akisema, "Karibuni Mikumi, mji usiolala."

Tulimtazama Kasiani wa kwenye kioo akiongea, akiongea, kisha nyani, kisha vitunguu. Tukapeleka mbele hadi mwisho. Korona haikurudi.

Halafu wakaanza, na hapa ndipo hasira zangu zinapopanda hata nikiwa naandika.

"Nilidhani Deo amekivunja kile kijino," Kasiani akasema.

"Nilidhani wewe, si ndiye uliyekuwa unaichezea?" Deo akamjibu.

"Mimi nilidhani Zuhura, ndiye mpiga picha."

"Siku ya Deo nilikuwa mpiga picha. Siku ya Kasiani mpiga picha alikuwa Deo. Nilidhani mwenye siku ndiye mwenye kanda."

Nilidhani, nilidhani, nilidhani. Wakanigeukia mimi, nikafungua mdomo, na neno lililokuwa linatoka ni hilohilo, nikaufunga. Neno hili silipendi mpaka leo. Nikilisikia mahali popote pa kazi najua kuna kitu cha mtu kimekwishapotea.

Deo alisema turudi haraka Rudewa tukarekodi upya kabla watu wa vyuma hawajafika. Kasiani alisema hapana, twende zetu Morogoro, na mzee tumtumie salamu kwamba kanda imeharibiwa na jua.

"Jua gani hilo linalorekodi malori?" Zuhura akamuuliza. "Mama yangu amezaliwa kambi ile. Mimi naenda. Anayebaki abaki."

Tulikwenda wote, juu ya magunia ya mchele. Tulipoingia kiwandani tulikuta wanaume wawili wanapakia. Korona ilikuwa imekatwa kwa gesi, vipandevipande, meno yake yako kwenye lori, na pale iliposimama pamebaki msingi wa saruji wenye mafuta meusi. Mzee Ngonyani alikaa juu ya gurudumu la mkanda, bila koti.

Zuhura ndiye aliyemwamkia, na ndiye aliyemwambia. Hakuzunguka. Alisema picha imefutika, hatuna, na haikuwa bahati mbaya, ni sisi.

Mzee akauliza, "Nani kati yenu alikuwa na kazi ya kuitunza?"

Kasiani akajibu kwa sauti ndogo, "Sote, mzee."

"Basi hakuna," akasema, akatupa mgongo.

Nimepigwa na watu wengi maishani, mwanangu, kwa maneno na kwa fimbo. Mgongo ule uliniuma kuliko vyote. Tungekuwa tumeondoka pale na aibu yetu, na hadithi ingeishia hapo, lau Mama Sabina asingekuja. Alikuja mikono kichwani, akilia kilio cha msibani, kile chenye mashairi ndani yake.

"Jamani Mngoni amefiwa. Amefiwa na hana hata turubai. Hana hata chungu cha maharage."

"Mhehe, niache," mzee akasema bila kugeuka.

"Nikuache uzike bila mtani? Wapi umeona?" Akapanda juu ya msingi, akajilaza chali kwenye mafuta yale na kitenge chake, kama watani wanavyofanya kaburini, hawatoki mpaka wamalize vitimbi vyao. "Siondoki hapa. Marehemu alikuwa hivi." Akaanza kukohoa kama injini.

Walioanza kucheka ni wale wapakiaji. Mama Sabina akaketi, akaiga king'ora cha alfajiri, akamwiga mnyapara anayegonga milango ya kambini, akamwiga Mzee Ngonyani mwenyewe akitembea amejaza kifua siku alipopewa ufundi. Watu wakasogea kutoka mashambani wakiwa na majembe. Msiba ukishakuwa na mtani, mwanangu, hauna tena anayeweza kukaa mbali.

"Ilianzia chini," Mzee Ngonyani akasema.

"Nini?"

"Kikohozi. Unaanzia juu kama mbuzi. Kilianzia chini." Akageuka, akakohoa mwenyewe, na kweli ilikuwa injini ile.

"Haya, mfiwa wa korona, panda basi uonyeshe."

Akapanda. Na waliowahi kufanya kazi pale wakapanda nyuma yake, mmoja mmoja, kila mtu akasimama pale alipokuwa akisimama zamani. Hapakuwa na chuma hata kimoja, lakini walijua wapi pa kukanyaga. Huyu analeta matita, huyu analisha, huyu anapokea singa, wale wanawake kule wanapeleka uani kuanika. Walikuwa wanatoa mlio kwa midomo yao, kila mmoja mlio wake.

Mama Sabina akatuona. "Na nyie mmesimama kama nguzo za simu. Hamna kazi? Hapa kila mtu alikuwa na mahali pake. Aliyetaka kuonja mahali pa mwenzake, vidole vyake vilirudi nyumbani kwenye kitambaa."

Zuhura hakutuuliza. Siku ile haikuwa hata siku yake, ilikuwa yangu. Alisema tu, "Deo, kamera. Braza, maiki, sogea mpaka usikie pumzi zao. Kasiani, kanda."

"Kanda tu?"

"Kanda tu."

"Na kuongoza je? Kwa sababu mimi nilikuwa nafikiri tungeanza na..."

"Kasiani. Kanda."

Alifungua tena mdomo, na Mama Sabina akamwambia kutoka juu ya msingi, "Mwanangu, tia kanda, marehemu anapoa."

Akatia kanda. Sisemi uongo, tangu tuanze ile filamu hapo ndipo niliposikia kimya katika kundi letu. Deo alipiga picha akiwa amepiga magoti, hakunung'unika. Mimi nilinyoosha mkono na maiki hadi bega likafa ganzi. Nilikuwa natamani mno kugeuka nione Deo anapata nini, niulize Zuhura anataka nini baadaye, niende kule kwenye singa za hewa nione wanaanikaje. Sikugeuka. Nilisikiliza pumzi. Kwa mtu kama mimi, ambaye hajawahi kubaki mahali pamoja kwa hiari, hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba magunia.

Walipomaliza, Kasiani aliitoa kanda, akakivunja kijino kwa meno mbele yetu wote, akakitema. Kanda ile alilala nayo. Morogoro alikaa kwenye chumba cha kuhariri, kati ya deki mbili, akihesabu kanda kila anayeingia na anayetoka, mpaka tukaanza kumwita bwana stoo. Alikuwa msumbufu katika kazi hiyo kuliko alivyokuwa katika uongozaji, lakini hakikupotea kitu. Malori yake yote tuliyatoa. "Maisha" tukaizika, filamu ikawa ya msiba ule peke yake. Mwalimu aliitazama, akauliza nani alifanya nini, tukamjibu wanne, majibu manne, bila ubishi. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Sifa hakutoa, na mimi naona alikuwa sahihi.

Tulirudi Rudewa kama tulivyoahidi. Mwenye duka alituazima televisheni na jenereta, madirisha ya darasa tukayaziba kwa vitenge, watoto wakakaa sakafuni. Mzee Ngonyani alikaa mbele, koti likiwa limerudi. Wajukuu walicheka mpaka wakalia babu yao alipokohoa, kisha mmoja akauliza, "Babu, kweli ililia hivyo?" naye akajibu, "Kubwa zaidi ya hivyo." Filamu ilipokwisha akasema, "Rudisheni." Tukarudisha. Akaitazama mara ya pili.

Zuhura alikwenda kumwomba radhi, nasi tukasimama nyuma yake. Mzee akamsikiliza hadi mwisho.

"Hii nimeipenda," akasema. "Ile mliyonipotezea, mmenipotezea. Msije mkachanganya."

Akatushika mikono wote, akaenda zake na wajukuu.

Kozi ilipokwisha kila mtu alishika njia yake. Nilizunguka tena kidogo, ni tabia yangu, mpaka salamu za Zuhura zikanifikia Kilosa. Alikuwa amepata kazi ya kurekodi mafunzo ya wakulima huko Iringa na alihitaji mtu wa sauti. Nilipanda basi, likapita Mikumi, likateremka bondeni na kupanda mlima, nikashuka katika mji ambamo sikuwa namfahamu mtu, baridi inauma. Nikapata gesti nyuma ya soko. Dada wa mapokezi akaniuliza jina, akaniuliza ninakotoka, akaniuliza kazi. Kwa miaka yote nilikuwa nikisema mkulima, kwa kuwa ndilo jibu lisilo na swali la pili.

"Mshika maiki," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya filamu."

"Na kamera anashika nani?"

"Mwingine."

"Na mkubwa wenu?"

"Mwingine."

Akanitazama kama mtu anayetaka kunionea huruma, akanipa ufunguo. Nikaweka begi chini, nikalala usingizi mzuri.

Kwa hiyo usijitoe. Hilo ndilo nililotaka kukwambia kwenye simu nawe ukanikatiza. Kesho nenda kwa wenzako, na kabla hamjabishana juu ya hadithi, gawaneni kazi kwa majina, mtu na kazi yake mpaka mwisho, si leo yako kesho yangu. Siku hizi hamna kanda wala kijino, mna vikadi vidogo kama kucha, lakini kikadi nacho kinafutika, na bado mtu mmoja lazima awe mwenyewe. Wote wakigombea kuongoza, wewe chukua ile kazi isiyogombewa. Ifanye vizuri. Usiiache kwenda kuonja ya mwenzako, na mwenzako akifanya yake usimnong'oneze sikioni. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini vidole vyote vikitaka kuwa gumba navyo havivunji. Mtu kama Kasiani utamkuta kila kundi. Usimfukuze, mtafutie stoo yake. Na neno "nilidhani" lisitoke kinywani mwako, maana mwenye mali hana cha kulifanyia.

Mwenyezi Mungu akupe kazi moja na subira ya kuimaliza. Akupe wenzako wanaovumilika, nawe akufanye uvumilike. Akulindie ulichoaminiwa na watu. Na siku utakayompotezea mtu kitu chake, kwa sababu siku hiyo itakuja, akupe miguu ya kurudi kwake na kumwambia mwenyewe.